Patrick O'Connell, kiungo wa Ireland aliyeinusuru Barcelona

Katika kiangazi cha mwaka 1937, Uhispania ikiteketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, klabu ya Barcelona ilikuwa imeelemewa na madeni, rais wake amekwisha kuuawa na mashindano ya kitaifa yamesimama. Timu iliyosafiri kuvuka bahari ya Atlantiki kwenda kutafuta fedha za kuifufua iliongozwa na kocha mgeni, mtu wa Ireland, ambaye Wahispania walimwita Don Patricio. Jina lake halisi lilikuwa Patrick O'Connell.

O'Connell alizaliwa mwaka 1887 na alikulia Dublin, wakati kisiwa chote cha Ireland kilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Ujanani alifanya kazi katika kinu cha kusaga unga. Soka ndiyo iliyomtoa huko: alianza na Belfast Celtic, akanunuliwa na Sheffield Wednesday mwaka 1909, akapitia Hull City, kisha mwaka 1914 akajiunga na Manchester United. Alikuwa kiungo mwenye nguvu.

Mwaka huohuo wa 1914 ulikuwa kilele cha uchezaji wake. Ireland, iliyozoea kufungwa na majirani zake, iliifunga Wales 2-1, kisha ikaenda Middlesbrough na kuichapa England 3-0 ugenini. Sare ya 1-1 na Scotland mjini Belfast ikatosha kuipa ubingwa wa mataifa hayo manne bila kushirikiana na yeyote. Nahodha alikuwa O'Connell.

Baada ya sifa hiyo likaja doa. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili 1915, Manchester United iliikaribisha Liverpool huku ikiwa hatarini kushuka daraja. Wakati timu yake ikiongoza kwa bao moja, O'Connell alipiga mkwaju wa penalti na mpira ukapita mbali kabisa na lango. Mchezo ulimalizika 2-0, matokeo yaleyale ambayo watu wengi walikuwa wameyawekea fedha kwa wachezesha kamari. Uchunguzi uliwafungia wachezaji saba maisha, watatu wa United na wanne wa Liverpool. United ilinusurika kushuka kwa tofauti ya pointi moja. O'Connell hakuadhibiwa, na hakuna kilichothibitishwa dhidi yake. Hata hivyo, mkwaju ule ulimwandama katika kila simulizi ya maisha yake, nasi hatuna budi kuutaja.

Vita Kuu ya Kwanza ilimla miaka yake bora. Ilipokwisha alicheza Dumbarton huko Scotland, kisha Ashington, kaskazini mwa England, akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Mwaka 1922 alifunga safari kwenda Santander, kaskazini mwa Uhispania, kuifundisha Racing. Alimwacha Manchester mkewe na watoto wanne. Bahasha za fedha zilikuwa zikifika. Mwenye kuzituma hakurudi. Baadaye alioa Uhispania mwanamke mwingine wa Ireland, ilhali mke wa kwanza alikuwa hai. Wasomaji wetu walioko ughaibuni hawahitaji kuelezwa uzito wa bahasha kama hizo, wala uzito wa kimya kinachoandamana nazo.

Katika kazi alifanikiwa mno. Racing ikawa miongoni mwa timu kumi zilizoanzisha ligi ya Uhispania mwaka 1929. Kutoka hapo alikwenda Oviedo, halafu Betis ya Seville. Tarehe 28 Aprili 1935, siku ya mwisho ya ligi, Betis ilihitaji ushindi, na ratiba iliipeleka Santander, kwa waajiri wa zamani wa kocha wake. Iliifunga Racing 5-0 na kuipiku Madrid kwa pointi moja. Hadi leo Betis haijapata tena ubingwa wa ligi.

Barcelona ikamchukua mwaka huohuo. Ilitwaa ubingwa wa Catalonia na kufika fainali ya kombe la taifa mwezi Juni 1936, ikafungwa na Madrid 2-1. Majuma machache baadaye majenerali waliasi. Rais wa klabu, Josep Sunyol, aliyekuwa pia mbunge, aliuawa na wanajeshi wa Franco mwezi Agosti. O'Connell alikuwa likizoni Ireland, na angeweza kabisa kubaki huko. Alirudi.

Ndipo ukaja mwaliko wa mfanyabiashara mmoja kutoka Mexico: dola 15,000 na gharama zote za safari. Wachezaji kumi na sita walikwenda, wakacheza Mexico na kisha New York. Safari ilipokwisha, kila mmoja alitakiwa kuamua kama anarudi kwenye vita au anabaki uhamishoni. Ni wanne tu waliorejea, wakiwa pamoja na kocha. Wengine walibaki Mexico au Ufaransa, na ni nani wa kuwalaumu? Fedha ziliwekwa katika benki ya Paris, mbali na mikono ya wapiganaji, na ndizo zilizolipa madeni. Klabu ilipoteza karibu kikosi kizima, lakini haikufa.

O'Connell aliondoka Barcelona mwaka 1940. Alirudi Betis, akavuka mji na kuwafundisha mahasimu wao Sevilla, walioshika nafasi ya pili katika ligi ya mwaka 1943, na akamalizia tena Racing. Katika miaka ya 1950 mmoja wa wanawe alikwenda Uhispania kumtafuta. Alimpata. Kwa mujibu wa masimulizi ya familia, baba alimtambulisha kwa watu kuwa ni mpwa wake.

Miaka ya mwisho aliishi London, fukara, akitegemea msaada wa nduguye. Alifariki dunia mwezi Februari 1959 na kuzikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Kensal Green, bila jiwe wala jina. Zaidi ya nusu karne ilipita kabla ya jamaa zake na wapenzi wa soka kuchangishana fedha za kulijengea kaburi hilo.