Harry Brearley, mtu wa chuma kisichoshika kutu

Nyumba nyingi za wasikilizaji wetu zina kijiko au sufuria ya stenlesi. Leo tunamtazama Harry Brearley, Mwingereza wa Sheffield aliyezaliwa mwaka 1871. Baba yake alikuwa mwyeyusha chuma. Harry aliacha shule akiwa na miaka 12, akaingia kiwandani, kisha akawa msaidizi katika maabara ya kampuni ya Thomas Firth. Alijisomea hadi mwaka 1908 akakabidhiwa kuongoza maabara ya utafiti.

Mwaka 1912 aliletewa tatizo la mitutu ya bunduki iliyokuwa ikilika kwa ndani. Hakuna aliyemuuliza habari za kutu. Agosti 1913 aliyeyusha chuma chenye kromiamu asilimia 12.8. Alipotaka kukichunguza kwa hadubini, asidi ya kawaida ilishindwa kuula uso wake. Akakijaribu kwa siki na maji ya limau, kikabaki kinang'aa. Hapo akasahau bunduki, akafikiria visu, kwani Sheffield ni mji wa visu.

Wakuu wake hawakuona faida. Mafundi wa kwanza kukijaribu walishindwa kukifua, na yeye akataniwa kuwa amevumbua visu visivyokata. Aliyeweza ni Ernest Stuart wa kiwanda cha Mosley, na jina la stenlesi, yaani kisichopata doa, lilitoka kwake. Mwaka 1915 Brearley aliacha kazi baada ya kugombana na kampuni juu ya haki za uvumbuzi. Kwa maoni yetu alionewa, ingawa hakuwa peke yake: Wajerumani wa Krupp walikuwa na chuma chao cha kromiamu na nikeli tangu 1912.

Mrithi wake, Hatfield, ndiye aliyetoa mwaka 1924 chuma cha kromiamu 18 na nikeli 8 kwa mia, kinachotumika katika sufuria na sinki nyingi. Sumaku kwa kawaida haikishiki sana, ila hushika kile cha visu.

Kinachokilinda ni utando mwembamba sana wa kromiamu na oksijeni, ambao ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Adui yake ni chumvi. Tia chumvi maji yakishachemka, maana ikitulia chini ya maji baridi hutoboa vishimo. Usiloweke vyombo kwenye dawa ya klorini, wala usivisugue kwa nyuzi za chuma cha kawaida. Chembe zake hubaki na kuota kutu. Kwa vyombo vya baharini huongezwa molibdenamu.

Brearley alifariki Torquay, Julai 1948, akiwa na miaka 77.