Karen Blixen na mupishi aliyetaja michuzi kwa habari za shamba

Fungua gazeti yoyote ya mapishi inayotoka Ulaya. Kabla ya kufika kwa nyama na unga, ukurasa wa kwanza ni wa mama anayeongoza gazeti. Anasimulia mvua iliyoangusha maua ya bustani yake, kuku waliokataa kutaga, supu ya mama yake kijijini. Hata kipimo cha chumvi hautakiona pale. Lakini wasomaji wengi wanaanzia hapo, na wengine hawapiki kabisa kile kinachofuata. Juu ya nini? Maisha ya Karen Blixen yanatoa jibu kidogo, tena hayako mbali na sisi: shamba lake lilikuwa Ngong, karibu na Nairobi, na lugha ya kazi pale ilikuwa Kiswahili.

Alizaliwa mwaka 1885 Rungsted, Denmark, katika familia yenye mali. Mwezi wa kwanza 1914 alishuka Mombasa, akafunga ndoa na Bror Blixen, na wote wawili wakapanda Ngong kulima kahawa kwa pesa ya ndugu za mwanamke. Ndoa ilivunjika 1925. Kahawa nayo haikulipa: mahali pale ni juu sana, baridi na ukame viliiua.

Shamba lilifika karibu hektari 2400, na kahawa ilishika kama hektari 240 tu. Mimi niko mutu wa sendika, siwezi kuruka jambo hili: Wakikuyu walioishi pale na mbuzi wao na mahindi yao walihesabiwa kama wapangaji. Sheria ya wakoloni iliwalazimisha kumufanyia mwenye shamba kazi siku 180 kila mwaka ili wabaki juu ya udongo ambao wengi wao waliuona kuwa wa baba zao. Wazee wa bonde la Ruzizi waliolimishwa pamba wakati wa Wabelgiji hawahitaji kufasiriwa neno hilo.

Ni katika watu hao alitokea Kamante, mutoto muchungaji mwenye vidonda vibaya miguuni. Blixen alijaribu kumutibu, akashindwa, akamupeleka hospitali ya misioni ya Waskoti. Mutoto alirudi amepona, tena Mukristo. Baadaye akaingia jikoni. Blixen mwenyewe alikuwa amejifunza kupika kwa mupishi Mufaransa kule kwao, akamufundisha. Hapo ndipo maneno yanakuwa matamu. Kamante hakujua kusoma, lakini alishika kila kitu kichwani. Mashine ya kupiga mayai aliiweka pembeni, akapiga ute kwa kisu cha kupalilia majani, na ute ukapanda kama wingu. Na michuzi hakuiita kwa majina ya Kifaransa. Aliipa jina ya kile kilichotokea siku alipofundishwa: kulikuwa muchuzi wa radi iliyopiga muti, muchuzi wa farasi wa kijivu aliyekufa. Mwaka 1928 mwana wa mufalme wa Uingereza alikula chakula chake. Kamante mwenyewe alipenda mahindi na viazi vitamu vya kwao, na siku nyingine alimuletea bibi wake kiazi cha kuchoma, kama zawadi.

Kwangu mimi, siri ya ule ukurasa wa kwanza iko katika majina hayo. Uliza mama wa Kalundu namna ya kupika mukeke: hataanza na mafuta. Ataanza na upepo wa ziwa, na usiku ule mitumbwi ilichelewa kurudi. Chakula bila mahali na bila siku ni hesabu tu.

Mwaka 1931 mambo yaliisha. Shamba liliuzwa, na rafiki yake Denys Finch Hatton akafa katika ndege yake kule Voi. Kabla ya kuondoka, Blixen alizunguka ofisi za serikali mpaka Wakikuyu wa shamba wakapewa mahali pa kukaa pamoja, wasitawanywe. Hilo tumuhesabie. Lakini udongo haukurudi kwao; ulikatwa vipande kwa nyumba za matajiri, na mutaa ule hadi leo unaitwa Karen.

Alirudi kwa mama yake bila mali, na miaka 46. Akaandika. Kitabu chake juu ya Ngong, ambacho Wafaransa wanakiita La Ferme africaine, kilitoka 1937. Kisha rafiki mmoja Mwingereza akamwambia kwamba kama anataka kuuza hadithi kwa magazeti ya Marekani, aandike juu ya chakula. Aliandika habari za Babette. Gazeti ya kwanza iliikataa. Ladies' Home Journal, gazeti ya wanawake wa nyumbani, iliitoa mwaka 1950.

Babette ni mupishi wa Paris aliyekuwa upande wa wafanyakazi katika maasi ya 1871, akakimbilia kijiji cha Norway, akawapikia dada wawili wacha Mungu samaki mukavu. Anashinda bahati nasibu ya franga 10.000, na zote anazimaliza kwa chakula cha jioni moja, cha watu 12. Mwandishi alikuwa bibi wa nyumba kubwa, lakini hadithi hii aliiweka mikononi mwa mupishi. Sisemi alimuwaza Kamante. Ila nikisoma juu ya Babette ninamuona yule kijana na kisu chake cha kupalilia.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya njaa, ingawa meza ilikuwa imejaa. Alikatwa sehemu ya tumbo, akawa hawezi tena kula vizuri, mwili ukabaki mifupa. Alikufa Rungsted tarehe 7 mwezi wa tisa 1962, akazikwa chini ya muti katika shamba la kwao.

Kamante aliishi zaidi. Mwaka 1975 masimulizi yake mwenyewe ya Ngong yalitoka katika kitabu, pamoja na michoro ya mukono wake.