Branch Rickey: Mzee aliyefanya vipaji kuwa shamba

Mkibishana pale Siakago nani apandishwe kutoka timu ya akiba, mnarudia mjadala ambao Branch Rickey aliufanya kazi ya maisha. Alizaliwa Ohio, Marekani, 1881. Uwanjani hakuwa moto: mwaka 1907, akiwa mdakaji wa besiboli, wapinzani walimwibia besi 13 kwa mechi moja!

Jicho lake lakini lilikuwa kali. St. Louis Cardinals haikuwa na pesa za kushindana na matajiri, hivyo akaanza kununua klabu ndogo na kuwakuza vijana humo, daraja kwa daraja, kama miche kitaluni. Mwaka 1926 Cardinals wakabeba ubingwa.

Shida? Wengi walikwama huko chini. Mwaka 1938 kamishna Landis aliwaachilia zaidi ya 70.

Akiwa Brooklyn Dodgers, 1945, Rickey alimsajili Jackie Robinson, mweusi ambaye ligi kuu ilimfungia mlango. Akamlea Montreal 1946, akamwingiza ligi kuu 1947.

Rickey alifariki 1965. Mwaka 2022 Dodgers hao hao, sasa wa Los Angeles, walisajili vijana wawili wa Uganda. Je, kijana wa Siakago nani anamtazama?