Ibn al-Haytham, Mwanachuoni wa Nuru

Mwanachuoni wetu huyu alizaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 965, akafariki Cairo, Misri, karibu 1040. Wakubwa wa Kiyunani kama Ptolemy walishikilia kuwa jicho ndilo linalotoa miali. Yeye hakukubali bila ya ushahidi. Alifanya majaribio, akabainisha kuwa nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Katika Kitabul Manadhir alieleza pia kuwa nuru ya nyota hupinda ipitapo angani.

Hewa ingali ikiwasumbua wanafalaki. Huko Paranal, Chile, tangu 2017 darubini kubwa ina kioo kinachojirekebisha hadi mara 1,000 kwa sekunde kuondoa mtikisiko wa hewa, kisha chombo MUSE huchambua rangi za nuru ya kila nukta ya picha.

Wanafunzi wenzetu, tusikariri tu, tuhakikishe. Allah amrehemu, Amin.