John Cade: Daktari aliyeweka mikojo kwenye friji ya nyumbani

Hiyo simu uliyoshika ina betri, na ndani ya betri kuna lithiamu. Sasa sikia hii: chumvi ya madini hayo hayo humezwa kila siku na watu wenye baipola, ili akili isipae kupita kiasi halafu iporomoke. Jamaa aliyeligundua hilo hakuwa na maabara ya maana. Alikuwa na stoo ya jikoni.

John Cade alizaliwa Australia mwaka wa 1912, mtoto wa daktari, naye akawa daktari wa magonjwa ya akili. Vita vikuu vya pili vilimkuta Singapore, Wajapani wakamfungia katika kambi ya Changi zaidi ya miaka mitatu. Akiwa humo aliwaona wafungwa wenzake wakirukwa na akili, wazo likamganda kichwani kwamba huenda chanzo kiko mwilini.

Aliporudi alipata kazi katika hospitali ya Bundoora, Melbourne, akageuza stoo iliyoachwa kuwa maabara. Alishuku kuna sumu kwenye mikojo ya wagonjwa, basi akaikusanya. Mingine aliiweka kwenye friji ya nyumbani, pamoja na chakula cha familia (mkewe alivumilia vipi, mazee?). Akawa anawadunga simbilisi mikojo hiyo.

Kuna asidi ya mkojoni aliyotaka kuiyeyusha, ndipo akachukua lithiamu, dawa ya karne ya 19 ya jongo, ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuvimba. Simbilisi wakatulia tuli. Ukiwalaza chali, wanakutazama tu! Leo wapo wanaosema wanyama wale walikuwa wamelemewa na sumu ya dawa, na ile nadharia ya mkojo haikusimama. Lakini Cade hakupuuza alichokiona.

Aliimeza mwenyewe kwanza. Kisha, mwaka wa 1948, akampa mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa na wazimu wa kuchachawa kwa miaka mitano. Baada ya miezi michache mtu huyo alirudi nyumbani, akarudi hata kazini. Mwaka wa 1949 Cade alichapisha matokeo ya wagonjwa kumi kama huyo.

Ingekuwa filamu, ingeishia hapo. Mgonjwa huyo wa kwanza aliacha dawa, akarudiwa na ugonjwa, akaanzishiwa tena, na mwaka wa 1950 lithiamu hiyo hiyo ikamuua. Nchini Marekani nako watu walikuwa wamekufa kwa kuitumia badala ya chumvi ya mezani. Kipimo kinachotibu na kinachoua viko karibu mno.

Wenzake wa Melbourne wakaonyesha jinsi ya kupima kiwango chake kwenye damu, na Mogens Schou wa Denmark akaifanyia majaribio makini. Hata hivyo, ni chumvi ya kawaida, kampuni gani ingeipigia debe bila hakimiliki? Marekani iliidhinisha mwaka wa 1970. Cade alifariki 1980. Na hadi leo, ukianzishiwa lithiamu, utatolewa damu mara kwa mara ipimwe.