LAWI, BABU WA KABILA LA MAKUHANI

Jina la Walawi twalisikia katika masomo ya Misa, lakini mzee mwenyewe aliyewaachia jina hilo hatajwi mara nyingi.

Lawi alizaliwa huko Harani, nyumbani kwa Labani, akiwa mwana wa tatu wa Yakobo na Lea. Mama yake hakupendwa kama Rakeli mdogo wake. Kwa hiyo alimpa mtoto jina linalokaribiana, katika Kiebrania, na neno la kuambatana, akitumaini kwamba sasa mumewe ataambatana naye.

Kuhusu ujana wake twajua hasa tendo moja, nalo latisha. Dada yake Dina alitendewa jeuri na Shekemu, mwana wa Hamori, mkubwa wa mji ulioitwa pia Shekemu. Baadaye kijana yule alitaka kumwoa, akaahidi mahari yoyote atakayotakiwa. Wana wa Yakobo wakajibu kwa hila: wanaume wote wa mji watahiriwe kwanza. Siku ya tatu, wenyeji wakiwa bado katika maumivu, Simeoni na Lawi walichukua kila mmoja upanga wake wakawaua wote. Hasira yao ilikuwa na sababu, nani atakana? Lakini kuigeuza alama ya Agano kuwa mtego, hilo halina utetezi. Yakobo aliogopa kisasi cha majirani, wala jambo lile hakulisahau.

Lawi alishukia Misri pamoja na wanawe Gershoni, Kohati na Merari, akafa akiwa na miaka 137. Yakobo, karibu na kufa kwake, alikuwa ameilaani hasira ya wale ndugu wawili, akatamka kwamba uzao wao utatawanyika katika Israeli.

Nao walitawanyika. Kohati alimzaa Amramu, na Amramu akawazaa Haruni na Musa. Walawi walisimama upande wa Musa siku ya ndama wa dhahabu, tena kwa upanga, kisha wakawekwa kuitumikia Hema. (Makuhani walikuwa wazao wa Haruni peke yao, Walawi wengine walikuwa wasaidizi wao.) Nchi ya Kanani ilipogawanywa hawakupata jimbo lao. Walipewa miji 48 katikati ya makabila mengine, wakaishi kwa zaka. Sita kati ya miji hiyo ilikuwa ya makimbilio: aliyeua mtu bila kukusudia aliingia humo, mlipiza kisasi asimguse. Mmoja wa ile sita ulikuwa Shekemu, mji uleule, nao uliwaangukia wazao wa Kohati, wajukuu wa Lawi.