Georg Ohm: mwalimu aliyekubali kupima upya

Wengi wetu tulikutana na jina la Ohm tukiwa sekondari. Tulikariri kanuni yake kwa ajili ya mtihani, tukajua kugawanya volti kwa ampea, kisha tukasonga mbele. Hatukuambiwa kwamba aliyeiacha hesabu hiyo fupi alikuwa mwalimu wa shule, na kwamba alisubiri miaka mingi kabla ya kuaminiwa.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 mjini Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Hakupata elimu ya juu, lakini alijifundisha hisabati mwenyewe na kuwafundisha wanawe. Mama alifariki Georg akiwa na miaka 10. Mwaka 1805 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen, na huko akayapenda zaidi dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Baba alikasirika kuona nafasi ambayo yeye hakuipata inachezewa. Georg akaacha chuo, akapelekwa Uswisi kufundisha hisabati. Huko alitulia, akasoma peke yake, na mwaka 1811 akarudi Erlangen na kupata shahada ya udaktari.

Mwaka 1817 alipata kazi Köln, katika shule iliyojulikana kama shule ya Wajesuiti, ingawa familia yake ilikuwa ya Kiprotestanti. Shule hiyo ilikuwa na maabara nzuri ya fizikia. Baada ya vipindi, Ohm alijifungia humo na swali moja: waya huupunguza mkondo wa umeme kwa kiasi gani?

Mwaka 1825 alichapisha majibu yake ya kwanza. Hayakuwa sahihi. Betri za wakati ule zilibadilika nguvu katikati ya jaribio, na vipimo vikayumba nazo. Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alimshauri atumie chanzo kingine cha umeme: metali mbili zilizounganishwa, bismathi na shaba, kiungo kimoja kikiwa kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Kwa kuwa tofauti ya joto haikubadilika, msukumo wa umeme nao ulitulia. Ohm akaanza upya. Aliweka waya za shaba zenye unene mmoja na urefu tofauti, moja baada ya nyingine, akapima mkondo kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa. Mwaka 1826 kanuni sahihi ilikuwa mikononi mwake.

Tuieleze kwa maji ya bomba. Volteji ni kama msukumo wa maji, mkondo ni maji yanayopita, na ukinzani ni ule wembamba wa bomba unaoyazuia. Katika waya wa metali ambao joto lake halibadiliki, ukizidisha volteji mara mbili, mkondo nao huongezeka mara mbili. Hivyo ukinzani hupatikana kwa kugawanya volti kwa ampea. Taa ya volti 12 ikiwa inawaka kwa mkondo wa ampea 2, ukinzani wake ni omu 6. Nguvu inayotumia hupatikana kwa kuzidisha: volti 12 mara ampea 2 ni wati 24. Baadaye kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 1840, Mwingereza James Joule alionyesha kwamba joto la waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani. Tukijaribu: 2 mara 2 mara 6, tunapata 24 ileile.

Mwaka 1827 Ohm alichapisha kitabu chake mjini Berlin, akitumaini kupata kazi ya chuo kikuu. Kilipokelewa kwa ubaridi. Mmoja wa wakosoaji wakali alikuwa Pohl, aliyeandika katika jarida la wafuasi wa mwanafalsafa Hegel. Mwaka 1828 Ohm alijiuzulu kazi yake ya Köln, na kwa miaka kadhaa akaishi Berlin kwa kufundisha vipindi vichache. Mwaka 1833 alipata nafasi Nürnberg. Heshima ilitoka mbali: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley. Uprofesa wa fizikia mjini München aliupata mwaka 1852, akafariki tarehe 6 Julai 1854. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris ulikubali jina lake liwe kipimo cha ukinzani.

Sisi tunaosoma falsafa, maisha haya yanatugusa pabaya. Kila siku tunafundishwa kujenga hoja, na ni rahisi kupenda hoja yetu kuliko ukweli. Ohm alikuwa amekwisha kuchapisha. Angeweza kuyatetea matokeo ya 1825 ili kulinda jina lake. Badala yake alisikiliza ushauri, akabadilisha kifaa, akahesabu tena. Kisha, alipokuwa sahihi na wasomi wakamkataa, hakubadilisha majibu ili apate kazi. Kukubali kosa na kusimamia ukweli ni fadhila moja, na fadhila hiyo hujengwa mapema, tungali wanafunzi.